Changarawe, mabwawa na makasri: mwongozo wa siku tatu kwa baiskeli, Bohemia ya Kusini

Maswali ni yaleyale kila majira ya joto yanapokaribia. Baiskeli yangu ya kawaida itafaa? Tairi ziwe na upana gani? Nibebe nini? Makasri yanafunguliwa lini? Wengi wanaouliza ni ndugu zetu wanaosoma au kufanya kazi Prague, Vienna au Munich, ambao tayari wana baiskeli ya kwendea kazini na sasa wanatamani kutoka nayo nje ya mji. Nimekusanya majibu yote hapa, kwa mpangilio wa safari yenyewe, ili hata asiyewahi kuacha lami aanze Ijumaa na kumaliza Jumapili.

Mahali nilipopachagua ni bonde la Třeboň na viunga vya Jindřichův Hradec, kusini mwa Ucheki, karibu na mpaka wa Austria. Kwa anayeanza, sijaona pazuri zaidi. Nchi ni tambarare, barabara za msituni ni za changarawe na mchanga ulioshindiliwa, na kila baada ya mwendo mfupi unakutana na bwawa la samaki lililochimbwa kwa mikono karne nyingi zilizopita, tuta lake limepandwa mialoni. UNESCO ililitambua bonde la Třeboň kuwa hifadhi ya bayosfia, yaani eneo ambalo uhai wa asili na kazi za watu hutunzwa pamoja, mwaka 1977.

Jambo moja ulishike tangu sasa: panga siku zako kwa saa za makasri na matuta ya mabwawa, kilomita zije baadaye. Anayepanga kwa kilomita hufika kasri likiwa limefungwa, miguu imechoka, na bwawa kalipita bila kuliona.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

*Baiskeli.* Baiskeli ya changarawe, ile yenye usukani uliopinda na tairi nene kidogo, ndiyo inayofaa zaidi. Ila baiskeli ya milimani au ya mjini yenye gia inaweza pia, mradi tairi zake zisiwe nyembamba. Upana wa milimita 40 hadi 45 unatosha kabisa. Chini ya milimita 35 utateseka kwenye mchanga. Baiskeli ya mbio yenye tairi za milimita 25 iache nyumbani.

*Vifaa vya pancha.* Tyubu mbili za akiba za saizi ya tairi lako, viraka na solusheni, vijiti vitatu vya kuondolea tairi, na pampu ndogo. Hata kama tairi zako ni za kutumia bila tyubu, beba tyubu moja.

*Vifaa vingine.* Spana ndogo za alenki, kiungo cha haraka cha cheni, mafuta kidogo ya cheni, kitambaa. Beba pia kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kwenye fremu. Kila fremu ina umbo lake na duka la mji mdogo halitakuwa nacho.

*Mzigo.* Mikoba miwili midogo kwenye keria ya nyuma, au mfuko mmoja chini ya kiti na mwingine kwenye usukani. Usivae begi zito mgongoni.

*Nguo na mwili.* Helmeti (kwa walio chini ya miaka 18 ni lazima kisheria), kaptura yenye sponji, koti jepesi la mvua, chupa mbili za maji, dawa ya kufukuza mbu na kupe, na kibano kidogo cha kung'olea kupe.

*Nyaraka.* Pasipoti au kibali cha ukaazi, visa ya Schengen kwa anayetoka nje ya eneo hilo, bima ya afya, na koruna kidogo za mkononi. Kadi zinapokelewa karibu kila mahali, lakini kibanda cha vinywaji kando ya bwawa huenda kikataka fedha taslimu.

*Chanjo.* Hili usilipuuze. Bohemia ya Kusini ni kati ya maeneo ambayo kupe hueneza ugonjwa wa uvimbe wa ubongo, na chanjo yake ipo. Hutolewa kwa awamu, kwa hiyo muone daktari miezi kadhaa kabla ya safari.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mwezi, kisha siku ya wiki.

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri zaidi. Julai na Agosti kuna joto, umati na mbu. Aprili na Oktoba makasri mengi hufunguliwa mwisho wa wiki tu, na wakati wa baridi mengi hufungwa kabisa.

Siku ya wiki ina uzito uleule. Makasri ya serikali kwa kawaida hufungwa Jumatatu. Ukianza Ijumaa na kumaliza Jumapili, milango yote iko wazi. Ukianza Jumamosi, Jumatatu yako itakuwa ya kutazama kuta kwa nje.

Vuli ina zawadi yake. Kuanzia Oktoba mabwawa makubwa hukaushwa polepole na wavuvi hukokota nyavu. Samaki wa karpu huhamishiwa kwenye matangi ya maji safi kusubiri Krismasi, maana mlo wa mkesha wa Krismasi wa Wacheki ni karpu wa kukaanga na saladi ya viazi. Ukipenda kuona kazi hiyo, vumilia baridi ya asubuhi na ukubali kwamba baadhi ya mabwawa utayakuta ni tope tupu.

2. Fika kwa treni.

Kutoka Prague, panda treni ya kuelekea České Budějovice, shuka Veselí nad Lužnicí, kisha chukua treni ndogo hadi Třeboň. Kutoka Vienna, treni hukufikisha Gmünd. Ukivuka mpaka uko České Velenice, na reli ileile ya Třeboň inaanzia hapo.

Onyo: treni nyingi za mwendo wa haraka hutaka uweke nafasi ya baiskeli mapema, na nafasi hizo ni chache. Mwisho wa wiki wa kiangazi hujaa. Treni ndogo za mikoani ni rahisi zaidi, unanunua tiketi ya baiskeli na kuingia kwenye behewa lenye alama yake. Toa mikoba kabla ya kupandisha baiskeli, usisubiri kuhangaika nayo mlangoni watu wakiwa nyuma yako.

3. Weka kiti na upepo sawa kabla hujaondoka kituoni.

Kaa kwenye kiti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinamia upande. Ukihamishia mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Maumivu mengi ya goti ninayosikia yanatokana na kiti kilichoshuka mno.

Sasa upepo. Hapa ndipo wanaoanza wengi hukosea, wanajaza tairi hadi liwe gumu wakidhani watakwenda kasi. Kwenye changarawe tairi gumu hurukaruka, hukuchosha mikono na hupoteza mshiko. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 40 lenye tyubu, anza na psi 35 hadi 40 (psi ni kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye pampu). Bila tyubu unaweza kushuka hadi 30. Ukiwa mzito zaidi ongeza kidogo, na tairi la nyuma lizidi la mbele kwa psi mbili tatu, kwa sababu ndilo linalobeba mzigo. Soma pia kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi na usikivuke.

4. Pakua ramani, kisha jifunze vibao.

Programu ya Mapy.com, iliyoanzia hukohuko Ucheki, huonyesha njia za baiskeli, njia za msituni na hata vijia. Pakua ramani ya eneo kwenye simu ukiwa bado na intaneti, maana ndani ya misitu mtandao hukatika.

Njia za baiskeli zina vibao vya manjano vyenye picha ya baiskeli na namba. Andika namba za njia zako za siku kwenye karatasi na uibandike juu ya fremu. Karatasi haiishiwi chaji. Maneno matatu ya kujua: *pozor* ni tahadhari, *zavřeno* ni pamefungwa, *objížďka* ni njia ya mzunguko.

Onyo la kisheria: ndani ya misitu ya Ucheki baiskeli inaruhusiwa kwenye barabara za msitu na njia zilizowekwa alama tu. Kukata katikati ya miti hakuruhusiwi, hata kama unaona kijia kinachovutia.

5. Siku ya kwanza: kaa karibu na Třeboň.

Usiende mbali. Siku hii ni ya kuzoea baiskeli iliyobeba mzigo na ya kuelewa mabwawa haya yanafanyaje kazi, kwa sababu ukishaelewa, nchi nzima utaiona tofauti.

Asubuhi, toka uwanja wa katikati ya mji, pita lango la kusini ufike tuta la bwawa la Svět. Lilijengwa kati ya 1571 na 1573 na Jakub Krčín, mtaalamu wa mabwawa wa ukoo wa Rožmberk, mabwana waliomiliki eneo hili, na ili lipate nafasi sehemu ya kitongoji cha mji ilibidi iondolewe. Wakazi hawakufurahi. Fuata njia inayozunguka Svět na bwawa jirani la Opatovický, takribani kilomita 12, karibu yote tambarare. Njiani kuna kaburi la ukoo wa Schwarzenberg, jengo la mtindo wa kigothi lililo katikati ya miti, la miaka ya 1870. Ukoo huo ndio uliokuja kumiliki Třeboň baadaye.

Rudi mjini ule, tembelea kasri la Třeboň, kisha alasiri elekea kaskazini hadi tuta la bwawa la Rožmberk, lenye jina la ukoo uleule. Hili ndilo bwawa kubwa kuliko yote nchini, karibu hekta 490, nalo ni la Krčín pia, 1584 hadi 1590. Tuta lake lina urefu wa zaidi ya kilomita mbili. Endesha polepole juu yake. Upande mmoja kuna maji hadi upeo wa macho, upande wa pili mashamba yaliyo chini kabisa ya usawa wa maji hayo, na kati yake mialoni minene ambayo mizizi yake husaidia kushika udongo.

Mfumo wenyewe ni huu. Mfereji uitwao Zlatá stoka, wa urefu wa karibu kilomita 48, ulichimbwa mwanzoni mwa karne ya 16 na mtangulizi wa Krčín, Štěpánek Netolický. Unachukua maji ya mto Lužnice na kuyagawa kwenye mabwawa mengi, kwa mteremko mdogo sana usioonekana kwa macho. Krčín, alipotaka kujenga Rožmberk juu ya mto wenyewe, aliona mafuriko yangebomoa tuta. Akachimba mto mwingine, Nová řeka, unaoyachepusha maji ya ziada kwenda mto Nežárka kabla hayajafika bwawani. Mafuriko makubwa ya Agosti 2002 yalipokuja, Rožmberk ilifurika na kutanda mbali, lakini tuta la Krčín lilisimama. Sijui kazi nyingi za mikono za karne hiyo ambazo bado zinawalinda watu walio hai, na ndiyo maana nakusihi usipite hapo mbio.

Siku yote ni kama kilomita 35. Inatosha.

6. Jifunze mchanga siku hiyohiyo.

Udongo wa Třeboň ni wa kichanga, na chini ya misonobari utakutana na vipande vilegevu. Aliyekulia akiendesha Phoenix kwenye njia za vumbi za Shinyanga au Siaya tayari ana nusu ya elimu hii. Kwa wengine:

Kabla ya kuingia kwenye mchanga, shusha gia iwe nyepesi. Sogeza uzito nyuma kidogo, legeza mikono, tazama mbele unakotaka kufika, usitazame gurudumu. Piga pedeli mfululizo bila kukatisha. Gurudumu la mbele litayumba, liache liyumbe, na usilazimishe usukani.

Usifunge breki ya mbele ukiwa ndani ya mchanga au ukiwa unakata kona kwenye changarawe. Hiyo ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuanguka. Punguza mwendo kabla ya kona, kwa breki zote mbili, ukiwa bado umenyooka.

7. Siku ya pili: Třeboň hadi Jindřichův Hradec kupitia Stráž.

Karibu kilomita 40. Toka kupitia Stará Hlína, elekea mashariki kwenye misitu, kisha ufuate mto Nežárka kwenda juu: Novosedly nad Nežárkou, Stráž nad Nežárkou, Lásenice, halafu mji wenyewe. Ondoka saa mbili asubuhi ili ufike mapema alasiri.

Stráž ni pa kupumzika. Kasri dogo la hapo lilinunuliwa mwaka 1914 na Ema Destinnová, mwimbaji wa opera aliyeimba New York na Enrico Caruso, mwimbaji mashuhuri wa Kiitaliano, na ambaye sura yake ipo kwenye noti ya koruna 2000. Wenyeji wanasimulia zaidi alivyopenda kuvua samaki.

Ukiwa njiani fanya kitu hiki, hasa kama una watoto: tafuta waridi lenye petali tano. Koo kubwa za kusini hii zilijihesabu kuwa za shina moja, na kila tawi lilichukua waridi lilelile kwa rangi yake. Jekundu ni la Rožmberk, utaliona Třeboň. La dhahabu ni la mabwana wa Hradec. La buluu ni la Stráž. Liko kwenye malango, dari na makaburi, na ukishaanza kuliona huachi.

Jindřichův Hradec utaujua kwa kasri lake juu ya bwawa la Vajgar, la tatu kwa ukubwa nchini baada ya Prague na Český Krumlov. Ndani ya bustani kuna Rondel, ukumbi wa duara wa mwishoni mwa karne ya 16 uliojengwa kwa ajili ya muziki. Wanamuziki walikaa chumba cha chini, sauti ikapanda kupitia tundu lililo katikati ya sakafu, na wageni wakacheza bila kuwaona. Simama hapo katikati ukimya ukiwepo, upige makofi mara moja. Utaelewa walichokitaka.

8. Ingia kasri kwa utaratibu wake.

Makasri haya hutazamwa kwa ziara ya kuongozwa yenye saa yake, na ziara ya mwisho huanza muda mrefu kabla ya kufunga, mara nyingi saa nzima. Ukisoma 16.00 mlangoni, hiyo ni saa kumi jioni ya kufunga, kwa hiyo uwe umefika kabla ya saa tisa. Angalia saa kwenye tovuti ya kasri lenyewe usiku uliotangulia, na kama ni Jumamosi ya kiangazi nunua tiketi kabisa. Ziara nyingi ni kwa Kicheki. Omba karatasi ya maelezo kwa lugha unayoimudu.

Baiskeli haiingii uani. Ifungie kwenye vyuma vilivyowekwa nje kwa kufuli la uhakika, ukipitisha kwenye fremu na gurudumu, na uondoke na simu, nyaraka na mfuko wa usukani. Mfanyakazi wa tiketi akiombwa kwa heshima mara nyingi hukuonyesha pa kuweka mikoba. Anza na *dobrý den*, ni salamu ndogo inayofungua mengi.

9. Siku ya tatu: Červená Lhota, kisha reli.

Kilomita 20 na ushei kaskazini-magharibi hadi kasri, kisha umbali kama huo hadi stesheni ya Soběslav iliyo kwenye reli kuu ya Prague. Leo kuna vilima vidogo vidogo. Shusha gia mapema kabla ya kupanda, kwa sababu ukibadilisha katikati ya kilima huku ukikanyaga kwa nguvu, cheni hulia na wakati mwingine hukatika.

Červená Lhota ni kasri jekundu lililosimama juu ya mwamba katikati ya bwawa, limeunganishwa na nchi kavu kwa daraja la mawe. Ni dogo. Wengine hulipiga picha na kuondoka baada ya dakika kumi, jambo linalonisikitisha. Zunguka bwawa zima kwa miguu, maana kila pembe inakupa kasri jingine, na upande wa mbali kuna miti na kimya. Jirani na hapo ndipo mtunzi wa muziki Carl Ditters von Dittersdorf alipofariki mwaka 1799.

Baada ya hapo pitia kijiji cha Deštná na ushuke taratibu kuelekea Soběslav. Jipe saa tatu za nafasi kabla ya treni yako.

10. Kila jioni, kagua mwili na baiskeli.

Vua nguo zote, tazama nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kiuno na nyuma ya masikio. Ukiona kupe mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, kwa mvuto mmoja usio na papara, na upake dawa ya kuua vijidudu. Usimpake mafuta, usimchome. Andika tarehe na mahali alipong'ata. Duara jekundu likitokea na kupanuka ndani ya wiki zinazofuata, au homa ikakupata, nenda hospitali na useme uling'atwa na kupe.

Kisha baiskeli: futa cheni kwa kitambaa, tia tone la mafuta kwenye kila kiungo, futa yaliyozidi. Mchanga ukichanganyika na mafuta mengi husaga meno ya gia. Bonyeza tairi, zungusha magurudumu, sikiliza kama kuna kinachokwaruza.

Mambo mengine ya kuepuka

Kunywa bia mchana. Ni nchi ya bia na kila kijiji kina kilabu, lakini polisi hupima waendesha baiskeli kama wanavyopima madereva. Bia isiyo na kilevi inapatikana karibu kila mahali.

Kuogelea popote. Mabwawa ni mashamba ya samaki. Oga penye ufukwe ulioandaliwa, kama pale Svět, au kwenye mashimo ya mchanga yaliyoruhusiwa. Katikati ya kiangazi maji yakiwa ya kijani kizito kama rangi, usiingie. Hao ni bakteria wa majini wanaowasha ngozi na kuumiza tumbo, na mtoto mdogo humwathiri haraka zaidi.

Kutegemea duka la Jumapili. Vijiji vidogo hufunga mapema Jumamosi. Nunua mkate, matunda na maji Jumamosi asubuhi.

Yakikwama

*Tairi linapata pancha zilezile.* Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole polepole ndani ya tairi. Mwiba au kipande cha jiwe bado kimo. Kama tyubu ina matundu mawili yanayokaribiana, ulibana kwenye rimu: upepo ni mdogo mno, ongeza psi tano.

*Gia zinaruka zenyewe.* Tazama kibadilisha gia ukiwa nyuma ya baiskeli. Kikiwa kimeinamia kwenye spoku, kile kipande kinachokishika kimepinda, mara nyingi ni kwa baiskeli kulazwa upande huo kwenye treni. Badilisha kipande. Kikiwa kimenyooka, zungusha kikaza waya nusu mzunguko, ujaribu tena.

*Breki za diski zinapiga kelele baada ya mvua.* Zitakauka. Kama kelele haiishi, huenda mafuta ya cheni yamerukia diski. Ifute kwa spiriti na kitambaa safi, usiguse diski kwa vidole.

*Mikono inakufa ganzi.* Pandisha usukani kidogo, punguza upepo kwenye tairi la mbele, na badilisha mahali unaposhika kila baada ya dakika chache.

*Njia imezama maji.* Karibu na Lužnice na Nežárka hutokea baada ya mvua kubwa. Usijaribu kina kwa baiskeli. Rudi, tafuta barabara ya lami kwenye ramani, hata kama inaongeza kilomita kumi.

*Umefika kasri likiwa limefungwa.* Bustani na njia za nje mara nyingi hubaki wazi. Ukiwa Jindřichův Hradec, shuka hadi Vajgar utazame kasri kutoka ng'ambo, kisha rudi kesho asubuhi kwa ziara ya kwanza. Safari ya Červená Lhota inaweza kuanza saa sita mchana na bado ukawahi treni ya jioni, ila ndani ya kasri huenda usiingie.

*Nguvu zimeisha katikati ya siku ya pili.* Mara nyingi ni njaa. Kula kitu chenye sukari, kunywa maji, pumzika dakika ishirini kivulini. Ikishindikana, Jindřichův Hradec ina stesheni, na mikahawa ya vijijini itakuitia teksi yenye nafasi ya baiskeli ukieleza taratibu.

*Umeanguka na kuumia.* Namba ya dharura ni 112, na gari la wagonjwa ni 155. Programu yako ya ramani huonyesha majiranukta, yaani namba za mahali ulipo, wasomee hizo kwanza, kisha jina la kijiji cha karibu.